Donkey Kong Land

Donkey Kong Land ni mchezo wa video wa majukwaa uliotengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza na kutolewa na Nintendo ya Japani mwaka 1995. Ulitengenezwa kwa ajili ya Game Boy, kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachotumia betri. Nchini Japani uliitwa Super Donkey Kong GB. Mchezo huu unatokana na Donkey Kong Country (1994), uliochezwa kwenye runinga kwa mashine ya Super Nintendo Entertainment System (SNES).

Mchezo wa majukwaa ni ule ambao mhusika hukimbia, huruka mashimo na kupanda ngazi moja baada ya nyingine huku akikwepa maadui.

Hadithi

Cranky Kong, mzee mwenye maneno makali, anadai kwamba Donkey Kong Country ulipendwa kwa sababu ya picha na sauti zake nzuri tu. Anawaambia Donkey Kong na mwenzake Diddy Kong kwamba hawawezi kufaulu kwenye kifaa duni cha biti 8. Vijana wanakubali changamoto, na Cranky anapanga na King K. Rool, mfalme wa mamba, ndizi zao ziibiwe tena.

Uchezaji

Mchezo una dunia nne: Gangplank Galleon Ahoy!, Kremlantis, Monkey Mountains & Chimpanzee Clouds, na Big Ape City. Ya mwisho ni ya mjini na inakumbusha mchezo wa Donkey Kong wa mwaka 1981. Hatua nyingi ni mpya, hazikunakiliwa kutoka mchezo wa awali. Wanyama wawili husaidia: Rambi, ambaye ni kifaru, na Expresso, ambaye ni mbuni.

Mchezaji hawezi kuhifadhi maendeleo yake anapotaka. Ni lazima kwanza akusanye herufi nne, K, O, N na G, ndani ya hatua moja. Anayezikosa na kuzima kifaa hupoteza kazi yake tangu alipohifadhi mara ya mwisho.

Kupunguzwa kwa mchezo

Picha za Donkey Kong Country zilichorwa kwanza kwa kompyuta zenye nguvu za Silicon Graphics, kisha zikageuzwa kuwa picha bapa zinazoonekana kama vitu halisi. Rare ilitumia njia hiyohiyo kwa Game Boy, ingawa tofauti ya mashine ilikuwa kubwa:

- Kioo cha Game Boy kina nukta 160 kwa 144. SNES ilionyesha 256 kwa 224.
- Game Boy ina viwango vinne tu vya rangi, kutoka nyeupe hadi nyeusi.
- Katriji ya Donkey Kong Land ina kilobaiti 512, yaani sehemu moja ya nane ya ile ya Donkey Kong Country.

Kwa sababu hiyo baadhi ya mambo yaliachwa. Katika mchezo wa awali Donkey na Diddy hutembea pamoja. Hapa anaonekana mmoja tu, na mchezaji huwabadilisha. Wahusika walibaki wakubwa kwenye kioo kidogo, hivyo mchezaji huona sehemu fupi tu ya njia iliyo mbele yake.

Mapokezi

Wahakiki wengi walisifu picha na muziki kwa kuzingatia uwezo mdogo wa kifaa. Lawama kuu ilihusu mandhari: michoro ya nyuma ilikuwa na mambo mengi kiasi kwamba wahusika na maadui walichanganyika nayo. Hivyo kilichosifiwa ndicho pia kilichofanya mchezo uwe mgumu kuonekana.

Ulifuatwa na Donkey Kong Land 2 (1996) na Donkey Kong Land III (1997).

Wahusika na wanyama halisi

Donkey Kong ni gorila. Gorila huishi katika misitu ya Uganda, Rwanda, Kongo na nchi nyingine za Afrika ya Kati. Hawapatikani porini nchini Tanzania. Sokwemtu wapo Tanzania, kwa mfano Gombe na Mahale mkoani Kigoma, na msitu wa Ntakata, wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Diddy Kong huchorwa akiwa na mkia mrefu, lakini sokwe halisi hawana mkia.