Eklezya Isiyo na Shule: Miaka ya 1972 hadi 1977



Katika somo lililotangulia tulisema juu ya amri ya kwanza ya Mungu. Leo twataka kuwasimulia jinsi amri hiyo ilivyojaribiwa katika nchi yetu wenyewe, si zamani za Waroma, bali katika siku za baba na mama zetu.

Yatupasa kuanza mbali kidogo. Tarehe 26 Mei 1906 Dola la Kongo la Mfalme Leopold II lilifanya mapatano na Papa wa Roma. Kila misioni iliahidiwa ardhi ya hektari 100 mpaka 200, nayo misioni ikaahidi kufungua shule. Tangu hapo shule na kanisa vilisimama bega kwa bega. Mtoto aliingia shuleni hana kitu, akatoka na kalamu, na katekismu, na jina la ubatizo. Faida yake ilikuwa kubwa, wala sisi makatekista hatuwezi kuikana, maana tulisoma humo humo. Lakini palikuwa na hatari iliyojificha ndani yake. Watu wengi walianza kudhani kwamba ukristu ni jambo la wenye kusoma, na ya kuwa kumfundisha mtoto sala ni kazi ya mwalimu, si ya mzazi.

Ndipo ulipokuja mwaka 1971. Tarehe 27 Oktoba Rais Mobutu aliipa nchi jina la Zaïre. Mwaka uliofuata, 1972, akaamuru kila raia aache jina la kigeni, ashike jina la mababu. Yeye aliyeitwa Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Padri ambaye angembatiza mtoto kwa jina la kizungu alitishwa kifungo cha miaka 5. Tena serikali ilitaka tawi la vijana wa chama liingie hata katika seminari. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, hakunyamaza. Alinyang'anywa makao yake, akaenda Roma, akakaa huko miezi kadhaa kabla ya kurudishwa kwa watu wake.

Je, Kardinali alipigania majina ya wazungu? Sivyo. Mtu huyu ndiye aliyesema, alipowekewa mikono ya uaskofu mwaka 1959, kwamba anataka kuona Eklezya ya Kikongo katika taifa la Kikongo. Tukumbuke pia Sista Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuulinda usafi wake. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, jina hilo la nyumbani kwao lilitajwa mbele ya altare, na hakuna aliyeona vibaya. Waliosema kwamba Eklezya ilivaa nguo nyingi za Ulaya hawakusema uongo mtupu. Neno lililobishaniwa lilikuwa jingine: ni nani mwenye amri juu ya roho ya mtu?

Jibu la wakubwa wa chama lilionekana wazi mwaka 1974. Waziri wa mambo ya ndani alitamka hadharani kwamba Mobutu ni nabii aliyetumwa na Mungu, na chama ndicho kanisa la taifa. Hapo si mambo ya majina tena, wapendwa. Ni amri ya kwanza yenyewe. Magazeti ya kikristu yalikuwa yamekwisha kufungwa mwaka 1973, na vyama vya vijana wakristu vilikuwa vimekatazwa. Sasa sikukuu ya Noeli nayo ikaondolewa katika siku za kupumzika. Tarehe 25 Desemba 1974 ilikuwa Jumatano, siku ya kazi kama nyingine. Mwisho wa mwaka ule shule zote za misioni zikachukuliwa na serikali. Somo la dini likafutwa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya chama. Misalaba iliagizwa iondoshwe katika nyumba za serikali, lakini picha ya Rais ikabaki ukutani.

Basi, jengo la tangu 1906 lilianguka kwa muda mfupi. Aliyekuwa mkristu kwa sababu ya shule tu, alikuwa na nini tena? Hapo ndipo ilipojulikana nyumba gani ina sala na nyumba gani haina.

Maaskofu walikuwa wamepanda mbegu mapema. Tangu mkutano wao wa 1961 walikuwa wamesema kwamba Eklezya ijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, yaani zile ambazo wengi wetu twaziita shirika. Kwa miaka kumi neno hilo halikushika sana mahali pengi, kwa maana shule ilikuwepo, na mtu huwa hachimbi kisima kipya wakati kile cha zamani kina maji. Shule zilipochukuliwa, jumuiya zikawa za lazima. Watoto wakafundishwa katekismu nyumbani, chini ya mti, katika kikanisa cha majani. Mama ambaye hakujua kusoma alifundisha Baba Yetu kwa mdomo, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Mwaka 1975 Kardinali Malula aliwaweka walei wa kwanza, watu wenye ndoa, kuwa viongozi wa parokia huko Kinshasa. Huitwa bakambi kwa Kilingala. Lakini hapa vijijini katekista alikuwa akiongoza sala ya Dominika tangu zamani, bila mtu kumpa jina kubwa. Twasema haya bila majivuno.

Na majina? Yakaendelea kuitwa ndani ya nyumba. Ofisini mtu alijibu kwa jina la babu yake, na jioni mkewe akamwita Petro.

Serikali haikuweza kuzibeba shule. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, na fedha zikapungua. Mwezi wa Februari 1977 ilifanya mapatano mapya, ikarudisha uongozi wa shule kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Somo la dini likaingia tena darasani. Twasikitika kusema kwamba katika vijiji vingi wazazi walilegea tena siku hiyo hiyo, nasi twaona hata leo mtoto wa komunyo ya kwanza asiyejua ishara ya msalaba mpaka mwalimu amwonyeshe.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na watu wakaanza tena kuyataja majina yao ya ubatizo mbele ya wote. Wengine kati yetu makatekista tulizaliwa katika miaka ile ya kukatazwa, na vyeti vyetu vya serikali havina jina la mtakatifu. Leo wazazi wakileta mtoto, twaandika yote mawili katika kitabu cha ubatizo, la babu na la mtakatifu, kwa wino mmoja.