Programu huria: Kwa nini watumiaji na watengenezaji hupewa vikao tofauti?

Ndani ya kila simu ya Android mna Linux, programu ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Linux ni programu huria: msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Watengenezaji wa programu za aina hii wametawanyika duniani na wengi wao hawajawahi kuonana, hivyo kazi yao hutegemea kuandikiana. Katika makala haya tunaeleza kwa nini jumuiya nyingi za programu huria hutenga kikao cha watumiaji na kingine cha watengenezaji.

Maswali ya aina mbili

Mtumiaji huuliza: "Printa yangu haichapi, nifanyeje?" Mtengenezaji huuliza: "Tukibadilisha namna ya kuhifadhi data, mafaili ya zamani yataendelea kufunguka?" Swali la kwanza linahitaji jibu leo. La pili linaweza kujadiliwa kwa wiki kadhaa.

Yakiwekwa mahali pamoja, kila upande huumia. Watengenezaji, ambao wengi ni watu wa kujitolea, hujibu swali lilelile mara kwa mara hadi wakachoka. Wengine huanza kujibu kwa ukali, wengine huondoka. Mgeni naye hukuta mjadala uliojaa maneno asiyoyaelewa, akaona haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini mtu huuliza pale anapoona amekaribishwa.

Wanavyogawana

Jumuiya ya PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, huwasiliana kwa orodha za barua pepe. Watumiaji wana pgsql-general, wanaoandika msimbo wana pgsql-hackers, na taarifa za hitilafu hupelekwa pgsql-bugs. Neno "hackers" hapa halina maana ya wezi wa mtandaoni, bali mafundi wa msimbo.

Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ina debian-user kwa watumiaji na debian-devel kwa watengenezaji. Tena ina orodha za watumiaji kwa lugha mbalimbali, kama Kifaransa na Kihispania, ili asiyejua Kiingereza naye asaidiwe.

Hatari ya ukuta

Kutenganisha kuna gharama yake. Anayeandika msimbo asiposikia malalamiko ya anayeutumia, anaweza kutengeneza kitu kizuri kisichofaa kazini.

Mfano wa karibu ni OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. Kazi hiyo ilianza mwaka 2004 kwa ushirikiano uliohusisha Eldoret, Kenya, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kutumika huko. Jumuiya yake ilikuwa na orodha ya watengenezaji na nyingine ya wanaoufunga mfumo hospitalini. Baadaye mazungumzo yaliletwa kwenye jukwaa moja lenye sehemu mbalimbali. Katika kazi kama hii, karani wa zahanati anayesema "ukurasa huu unachelewa kufunguka na foleni ni ndefu" anampa mtengenezaji habari ambayo hawezi kuipata akiwa mezani kwake.

Kwa hiyo kinachohitajika ni mlango kati ya vikao viwili. Kwa kawaida wanajumuiya wenye uzoefu hukaa kwenye kikao cha watumiaji, hujibu yanayojibika, na tatizo likionekana ni hitilafu ya programu yenyewe, hulifikisha kwa watengenezaji.

Ukitaka kuuliza

Anzia kikao cha watumiaji, na kwanza tafuta kama swali lako limeshajibiwa. Taja aina ya simu au kompyuta yako, toleo la programu, ulichofanya, na maneno kamili ya kosa lililotokea. Usiandike neno la siri, namba ya simu au taarifa za mgonjwa, kwa sababu mazungumzo hayo husomwa na watu wote na hubaki kwa miaka.

Ukigundua udhaifu unaoweza kumruhusu mwizi kuingia kwenye mfumo, usiutangaze katika kikao chochote kati ya hivyo. Miradi mingi ina anwani ya faragha kwa taarifa za usalama. Itumie hiyo, ili tatizo lirekebishwe kabla halijajulikana na wenye nia mbaya.