Wasomaji wa Myombekere: Riwaya ya Kitereza na Swali la Imani

Kisiwa cha Ukerewe, ambacho mashua zake hushusha dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, wilayani Ilemela, ndicho chimbuko la riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945. Toleo la Kiswahili lilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981 kabla kitabu hakijamfikia mkononi.

Kwa miaka 35, basi, riwaya hii iliishi kwa kupendwa na wasomaji wachache wa mswada. Padre Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada, alimtia moyo mwandishi na kuanza kuitafsiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla haijapata mchapishaji. Baadaye Gerald na Charlotte Hartwig, watafiti Wamarekani waliofika Ukerewe, walimhimiza Kitereza aitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Mzee huyo, aliyekuwa amekwisha kupita miaka sabini, aliifanya kazi hiyo.

Wahakiki wamebishana sana kama maandishi haya ni riwaya au ni kumbukumbu ya mila tu. Ubishi huo una msingi, maana ufundi wa kulima, kuvua na kupika pombe umeelezwa kwa marefu yanayomchosha msomaji mwenye haraka. Hata hivyo, unakikwepa kiini cha kisa. Myombekere na Bugonoka hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamrudisha kwao, na mume, badala ya kuoa mwingine, anamfuata ukweni na kukubali kutozwa pombe ya ndizi. Safari ya tiba kwa mganga Kibuguma ni safari ya imani: dawa, mizimu na Muumba havitenganishwi. Hata majina ya watoto wanaopatikana hatimaye yanabeba huzuni ya msiba.

Aliyeyaandika hayo alikuwa Mkatoliki aliyesoma seminari ya Rubya miaka kumi, akijifunza Kilatini na teolojia. Yeye na mkewe Anna hawakubakiwa na mtoto, wala hakuoa mwingine. Hawahubirii wahusika wake wala hawaombei radhi. Ukimya huo ndio uliowaachia nafasi wasomaji wa imani mbalimbali, naye padre akiwamo.

Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig ilitokana na Kiswahili. Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe, alirejea kwenye Kikerewe kwa tafsiri yake ya Kiingereza iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2002. Kwa hiyo maneno ya tambiko yamewafikia wasomaji kwa njia mbili, na anayetaka kujua Kitereza alibadili nini alipojitafsiri hana budi kuisoma miswada yote miwili sambamba, sala kwa sala.