Milima Iliyopanda Kutoka Mombasa: Tulichosahau Kuuliza Kuhusu Injini za Garratt

Kila mwaka ninapofundisha historia ya teknolojia, huwaonyesha wanafunzi picha ya Big Boy, injini ya mvuke ya Marekani. Ziliundwa 25 tu, kati ya 1941 na 1944, ili kuvuta mizigo katika milima ya Wasatch huko Utah. Pamoja na behewa lake la maji na makaa, kila moja ilikuwa na uzito wa takriban tani 540. Ukumbi hunyamaza kwa mshangao. Mwaka mmoja mwanafunzi wa nyuma kabisa alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, sisi wakati huo tulikuwa na nini?"

Nilirudi na swali hilo nyumbani Somanda wakati wa likizo. Bariadi haina reli. Pamba yetu imezoea kusafiri kwa lori hadi stesheni ya Malampaka, wilayani Maswa, ambako hupita njia ya Tabora–Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Baba yangu mkubwa alikuwa mchochea moto katika njia hiyo, na kwake ndiko nilikosikia kwanza neno "Garati".

Jibu la swali la mwanafunzi ni kwamba tulikuwa na milima. Mwaka 1955 na 1956, Reli na Bandari za Afrika Mashariki zilipokea injini 34 za daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock, Gorton, jijini Manchester. Kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Kazi yake ilikuwa kuvuta takriban tani 1,200 za mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Hazikuwahi kuwa na mpinzani kwa nguvu miongoni mwa injini za mvuke za reli ya upana wa mita 1.

Upana huo ndio kiini cha habari yenyewe. Big Boy ilitembea juu ya reli yenye upana wa milimita 1,435. Reli yetu ilikuwa nyembamba na yenye kona nyingi, na injini ndefu ya kawaida isingeweza kupinda juu yake. Mwingereza Herbert William Garratt alikuwa ameshatoa suluhisho miaka mingi kabla. Aliliweka bwela juu ya fremu iliyoning'inia kati ya mitambo miwili, kila mmoja ukijigeuza wenyewe kwenye kona. Kwa kuwa chini ya bwela hapakuwa na magurudumu, tanuru liliweza kuwa pana na lenye kina. Maji na mafuta yalikaa juu ya mitambo hiyo, uzito wake ukisaidia magurudumu kushika reli.

Matokeo yake yanastahili kutafakariwa. Injini ya daraja la 59 ilikuwa na magurudumu 16 ya kusukuma, sawa na Big Boy. Uzito wake, takriban tani 250, haukufikia nusu ya ule wa Big Boy, lakini nguvu yake ya kuvuta ilizidi asilimia 60 ya nguvu ya Mmarekani huyo. Huo ndio uhandisi ninaouheshimu zaidi: ule unaoanza kwa kuitazama ardhi na njia iliyopo, kisha ukaunda chombo kinachozifaa.

Hata hivyo, heshima isitufumbe macho. Chini ya ukoloni, vyeo na mishahara ya reli vilipangwa kwa rangi. Mwafrika alitandika mataruma, alichochea moto, alipaka grisi. Usukani ulikuwa wa wengine. Baba mkubwa alisema aliweza kutambua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza pumzi zake, lakini alikabidhiwa kuiendesha baada ya Uhuru tu. Ujuzi aliokuwa nao miaka yote ile haukuandikwa popote.

Majina nayo yana funzo. Injini za daraja la 60, zilizoanza kazi 1953 na 1954, zilipewa majina ya magavana wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye vibao vyote vya magavana viling'olewa. Vya milima vilibaki. Leo injini mbili za daraja la 59 zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, mmoja kando ya Ziwa Natron, mwingine Upare.

Lakini kubadili kibao ni kazi ya bisibisi. Kiwanda cha Gorton kilifungwa mwaka 1966, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na reli iliyokuwa moja ikagawanywa. Tulirithi mashine na majina. Uwezo wa kuunda haukuwamo katika urithi huo.

Nayasema haya kwa sababu swali limerudi. Tangu 2024 treni ya umeme inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na vichwa vyake vimetoka Korea Kusini. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilichowekewa jiwe la msingi mwaka 2021, kinajengwa na kampuni za China, na kitapita Malampaka. Nitafurahi siku pamba ya Bariadi itakapopakiwa humo. Lakini ndugu zangu mlio katika wizara na halmashauri, hesabuni pia vijana wa Simiyu watakaoweza kuifungua mota ya treni hiyo, kuitengeneza na kuifunga tena, na yale watakayoyajua yaandikwe. Vinginevyo, miaka 50 ijayo mhadhiri mwingine ataonyesha picha ya treni yetu, na mwanafunzi wa nyuma atauliza: "Sisi tulifanya nini pale, zaidi ya kupanda?"