ASKARI, MPAGAZI NA MGAMBO: HISTORIA YA DENI LISILOANDIKWA

Chukua kata moja ya wakulima, kama Kitandililo, katika Halmashauri ya Mji wa Makambako, mkoani Njombe. Watu wake ni wakulima, na mgeni anayepita barabara kuu ya Mbeya hawezi kujua kwamba nchi hii ya Wabena imetoa watu kwa kila vita vikubwa vilivyopiganwa katika ardhi yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Watu hao hawakuwa majenerali. Walikuwa wapagazi, askari wa kawaida na mgambo. Waliorudi walishika tena jembe, na walipozeeka na kuugua walikwenda kwenye zahanati kama mwananchi mwingine yeyote.

Swali ambalo kada anapaswa kujiuliza ni hili: nchi inamlipaje mtu wa kawaida aliyeitumikia kwa mwili wake? Wengi hudhani kwamba jibu linategemea huruma ya viongozi au wingi wa fedha za hazina. Mambo hayo yana uzito. Lakini historia inatufundisha jambo jingine la msingi zaidi: stahili hufuata maandishi. Aliyeandikwa hulipwa, hata kama ni kidogo na kwa kuchelewa. Asiyeandikwa hapati kitu, hata kama alitoa kila kitu. Na swali la nani anaandikwa na nani haandikwi halikuwa kamwe swali la makarani peke yao. Ni swali la kitabaka.

WAPAGAZI WA MABEBERU

Vita vya 1914 hadi 1918 vilikuwa vita vya mabeberu wa Kijerumani na wa Kiingereza kugombea makoloni. Katika Afrika Mashariki vita hivyo vilipiganwa juu ya vichwa vya watu, kwa maana halisi ya maneno hayo. Malori yalikuwa machache na mbung'o waliua ng'ombe na farasi, hivyo risasi, unga na mizinga vilibebwa na wapagazi. Waingereza peke yao walitumia wapagazi karibu milioni moja. Jeshi la Wajerumani nalo lilikusanya watu kwa nguvu kila lilikopita, na mwezi Oktoba 1918, likiwa linarudi kutoka Msumbiji kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, lilipita Ubena. Huko Jenerali Wahle alikuwa mgonjwa mno kuendelea na safari, akaachwa nyuma ili atunzwe na adui. Mpagazi aliyeanguka njiani kwa kuhara damu hakuwa na bahati hiyo.

Wapagazi hawakuuawa hasa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na kwa unga mbovu usiopikwa ukaiva. Mtu wa nyanda za juu zenye baridi aliyepelekwa kwenye mabonde ya joto alikutana na malaria ambayo mwili wake haukuizoea. Waliokufa ni makumi kwa makumi ya maelfu. Idadi kamili haipo, na sababu ya kutokuwapo ndiyo kiini cha makala haya: wengi hawakuandikwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa wakiitumikia Dola ya Kiingereza katika vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927. Sanamu ni rahisi kuliko daftari, kwa sababu haidaiwi mshahara na mjane.

Kwa wasioandikwa malipo nayo yalipotea. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa au wasiopatikana ilibaki mikononi mwa serikali ya Kiingereza. Huko Kenya hata baadhi ya maofisa wa kikoloni waliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya watu waliotoa wapagazi. London ilikataa. Beberu alifanya faida hata kwa kifo cha mpagazi, kwa kuwa hakuwa ameandika mrithi wake ni nani.

Askari wa Kijerumani wana kisa chao. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza walikuja wazee wapatao 350, na wachache tu walikuwa na vyeti. Mlipaji akawapa ufagio badala ya bunduki na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye gwaride. Inasemekana hakuna aliyeshindwa. Kisa hiki huchekesha watu, lakini tukitazame vizuri. Ni mzee wa miaka sabini na zaidi anayelazimika kuthibitisha utumishi wake kwa mwili uleule uliotumika, kwa sababu aliyemtumia hakumwachia karatasi.

BEI YA DAMU KWA RANGI YA NGOZI

Katika Vita vya Pili vya Dunia watu wapatao 87,000 wa Tanganyika waliingizwa jeshini. Walipigana Uhabeshi na Madagaska, na mwaka 1944 walikuwa katika misitu ya Burma wakiwafukuza Wajapani kuelekea Mto Chindwin. Safari hii majina yaliandikwa, maana jeshi la kisasa haliendi bila orodha. Lakini daftari la kikoloni liliandikwa kwa safu za rangi. Askari Mzungu, askari wa Kihindi na askari Mwafrika walikuwa na viwango tofauti vya mshahara, na hata bahashishi ya mwisho wa vita ilitofautishwa hivyo hivyo: Mwafrika alipata takriban theluthi moja ya alichopata Mzungu wa cheo kilekile.

Askari alirudi kwao na kitabu cha akiba cha posta na cheti cha kuachishwa jeshi. Serikali ya kikoloni ilimwogopa. Ilijua kwamba mtu aliyemwona Mzungu akikimbia risasi hawezi tena kumwabudu. Kwa hiyo ilijenga vituo vya ustawi mijini, ikimtaka apate mahali pa kusoma gazeti na kunywa chai, lakini haikumpa pensheni ya maisha kwa utumishi wake wa vita. Ilimtarajia arudi shambani, au kwa watu wa mikoa ya kusini, aende kukata mkonge. Nchi ya Njombe ilikuwa ghala la nguvukazi kwa mashamba ya walowezi. Askari aliyeivuka bahari alirudishwa kwenye ghala hilo.

JESHI LA WANANCHI NA WITO WA 1978

Baada ya uhuru jambo hili lilipaswa kubadilika, na kwa sehemu kubwa lilibadilika. Maasi ya askari ya Januari 1964 yalionyesha hatari ya kurithi jeshi la kikoloni pamoja na manung'uniko yake, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Majeshi ya Wareno yalipoivamia Guinea Novemba 1970, na Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda Januari 1971, TANU ilitoa Mwongozo wa 1971. Mwongozo huo ulifundisha kwamba ulinzi wa nchi ni kazi ya umma wote, na kwamba mkulima na mfanyakazi wafunzwe kushika silaha. Hapo ndipo mgambo alipopata nafasi yake katika siasa yetu.

Tusisahau maana ya jambo hili. Mpagazi aliburutwa, na askari wa KAR aliandikishwa na dola ya kigeni. Mgambo aliitwa na Chama chake mwenyewe. Kwa hiyo deni lake halidaiwi London wala Berlin. Linadaiwa hapa hapa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalilivamia eneo letu la kaskazini ya Mto Kagera, yakaua na kupora. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutapigana. Jeshi lilipanuliwa haraka, na inakadiriwa kwamba lilifikia watu 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000. Mikoa ilitakiwa kutoa watu, na viongozi wa Chama na Serikali wakapita vijijini kuwakusanya. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakamalizika mwanzoni mwa Juni. Wanajeshi wa ajira wakabaki katika vikosi. Mgambo wengi wakarudi vijijini kulima.

Ugumu ukaanzia hapo. Pensheni, kwa asili yake, hupima miaka ya ajira. Haipimi hatari. Mwanajeshi aliyeajiriwa na kukamilisha muda wake anayo kumbukumbu ya utumishi, namba, kiinua mgongo na malipo ya kila mwezi. Mgambo aliyepigana kwa miezi michache ana kumbukumbu zake za kichwani, na pengine cheti kilicholiwa na mchwa. Mbele ya dirisha la malipo watu hao wawili si sawa, ingawa walilala katika handaki moja.

Mjane naye ana mlima wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila. Hata hivyo mjane asiye na cheti hana budi kuithibitisha kwa barua na mashahidi, na kwa nauli ya kwenda na kurudi, wakati shamba linamngoja.

UGONJWA HAUACHI KOVU LA RISASI

Kwa hesabu iliyochapishwa baada ya vita vya Kagera, askari wetu waliokufa walikuwa 373, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Waliobaki walikufa kwa ajali, magonjwa na sababu nyingine. Sheria hii ya vita ilikuwapo tangu enzi za wapagazi: ugonjwa na ajali huua na kudhoofisha watu wengi kuliko risasi. Lakini fikra za malipo bado zimejengwa juu ya jeraha. Aliyekatwa mguu anaonekana. Mwenye masikio yaliyozibwa na mizinga, mgongo ulioumia kwa kubeba masanduku ya risasi, au usingizi unaokatika kila usiku, hana kitu cha kumwonyesha karani. Inampasa athibitishe kwamba ugonjwa wa leo ulitokana na mwaka 1979, na mganga aliyemtibu wakati ule hayupo tena.

Katika miaka ile tatizo hili lilifichwa na siasa ya matibabu ya bure kwa wote. Mzee hakuhitaji kujitambulisha kuwa alikuwa askari ili apewe dawa. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, pazia lilifunguka. Kuanzia hapo kila mtu alitakiwa kujua yuko katika fungu gani: mwenye fedha, mwenye bima au mwenye msamaha. Hospitali za Jeshi zipo, Lugalo ikiwa kubwa kuliko zote. Lakini Lugalo iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako, na ile ya kanda iliyoko Mbeya ni zaidi ya kilomita 150. Kwa mzee wa Kitandililo, matibabu ya kweli ni yale yanayopatikana zahanati, Makambako mjini, Ilembula au Njombe.

HOJA YA USAWA

Wapo makada wanaouliza: je, si ubaguzi kumpendelea aliyeshika bunduki kuliko mkulima aliyemlisha? Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Hatutaki kujenga tabaka la maveterani wanaoishi kwa jasho la wengine kwa sababu ya medali. Lakini fidia si upendeleo. Mkulima aliyetoa gunia la mahindi mwaka 1979 alivuna tena mwaka uliofuata. Aliyetoa mapafu yake havuni tena. Tena tujikosoe kwa ukweli. Sheria ya mwaka 1999 ya mafao ya viongozi wa kisiasa iliwataja wakuu wa nchi kwa vyeo vyao, na kueleza watakavyotibiwa baada ya kustaafu. Tuliona kwamba kiongozi hapaswi kuachwa hivi hivi. Basi hoja ya usawa haiwezi kuanza kutumika inapofika zamu ya mgambo.

Zanzibar imeonyesha njia moja. Tangu mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi inalipa Pensheni Jamii kwa kila mkaazi mwenye umri wa miaka 70 au zaidi. Hakuna anayeulizwa aliajiriwa wapi wala kwa miaka mingapi. Mkulima, mvuvi, mama wa nyumbani na askari wa zamani wote wamo. Malipo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kidogo, lakini msingi wake ni mkubwa: kinachothibitishwa ni umri na makazi, mambo ambayo jirani anaweza kuyashuhudia.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilikubali kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka msingi wa kuwagharimia wasio na uwezo. Lakini msamaha na bima vyote vinaanza na swali lilelile la mwaka 1914: jina lako limeandikwa? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mali hupotea hivyo, basi damu nayo hupotea hivyo.

Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipokwenda Kagera alizaliwa karibu na mwaka 1958. Leo amekaribia au amevuka miaka 70. Mashahidi wake ni wenzake wa rika lile lile, na kila mwaka wanapungua. Kumbukumbu ambayo haijaandikwa sasa haitaandikwa tena.

Kazi hii haihitaji kungoja fedha kutoka juu. Balozi wa shina anazijua kaya zake. Tawi linaweza kukaa na wazee, kuorodhesha nani alikwenda, aliitwa na nani, alikuwa na nani, alirudi na maumivu gani, na ni mjane yupi aliyebaki. Orodha hiyo ithibitishwe mbele ya mkutano wa kijiji, ambako mwongo hujulikana, kisha ipelekwe zahanati, ofisi ya ustawi wa jamii na Jeshi. Vijana wa shule na vyuo waandike maelezo ya wazee hao kwa ukamilifu, kwa kuwa hiyo nayo ni historia ya taifa.

Kila tarehe 25 Julai tunaweka silaha za asili na mashada kwenye minara, na tunawakumbuka waliolala Kaboya. Ni jambo jema. Lakini beberu naye alijua kujenga mnara. Tofauti yetu na yeye itaonekana katika daftari la tawi, na kwenye dirisha la zahanati, siku mzee atakapotaja jina lake na kukuta limekwisha kuandikwa.