Kidirisha cha Pembe na Mafundi wa Jua Kali

Msomaji mpenzi, ukipata nafasi ya kuitazama motokaa ya zamani, angalia pembe ya mbele ya dirisha la mlango. Huenda ukaona kidirisha kidogo cha pembe tatu, kizungukacho juu ya vijiti viwili vya chuma, kimoja juu na kimoja chini. Katika siku zile ambazo mitambo ya kupoza hewa ilikuwa haijaenea katika magari, kidirisha hiki ndicho kilichomletea dereva upepo wa njiani. Volkswagen ndogo ilitiwa vidirisha hivyo tangu Oktoba 1952. Na mwaka 1954, Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda mashindano ya Safari kwa gari la Volkswagen.

Baadaye watengenezaji wa magari wakaviacha vidirisha hivi. Kwa hiyo, mtu atakaye kulirudishia gari la kale sura yake hana budi kumwendea fundi wa mkono.

Kazi yenyewe yataka subira. Fundi huondoa vigae vya kioo, husugua kutu katika fremu, kisha hukata kadibodi iwe kipimo. Hawezi kukata kioo kilichokwisha kutiwa moto na kupozwa ghafla, kwani hicho hupasuka chote vipande vidogo vidogo. Huchagua kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, ambacho Mfaransa Édouard Bénédictus alikipatia hataza mwaka 1909. Akiisha kukikata na kulainisha kingo zake, huvisha ukingo ukanda wa mpira uliolowa maji ya sabuni, akaushindilia katika fremu kwa kipande cha ubao, polepole, kutoka kati kwenda pembeni. Mwisho hukaza nati na springi ya kijiti cha chini. Ikilegea, upepo utakifunga kidirisha; ikikazwa mno, hakitageuka, na atakayekisukuma kwa nguvu atakivunja.

Je, ustadi wa namna hii ulikulia wapi mjini Nairobi? Mitaa ya mashariki, kama vile Pumwani na Kaloleni, ilianzishwa zamani za ukoloni iwe makao ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Karibu nayo, huko Gikomba na Kamukunji, mafundi walifua mabati na vyuma pasipo paa juu ya vichwa vyao. Ndipo wakaitwa watu wa jua kali. Kwa miaka mingi wenye mamlaka waliwahesabu kuwa ni kero, na vibanda vyao vikabomolewa mara kwa mara. Lakini mwaka 1972, taarifa ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ilionyesha kwamba watu hawa walizalisha vitu vya manufaa, wala hawakustahili kuandamwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwazuru mafundi wa Kamukunji, akaahidi kuwajengea mabanda. Na mwaka uliofuata serikali ikaitaja kazi yao katika mipango ya uchumi wa nchi.

Fikiri basi, msomaji. Bomoabomoa haikuharibu mbao na mabati peke yake. Ilimtawanya fundi na mwanafunzi wake. Maarifa ya kukaza nati hata kiasi kifaacho hayapatikani kitabuni. Hutoka mkono hata mkono. Kioo kikivunjika chaweza kukatwa kingine, lakini fundi akiondoka bila kumfundisha mtu, ni nani atakayekikata?