Kukunja

Kwetu uso uliokunjwa ni hasira, na mkunjufu ndiye apendwaye. Ndani ya seli ni kinyume: protini isiyokunjwa sawasawa haifai kitu. Walimu wa biolojia, semeni "ukunjaji wa protini" bila kusita. Neno linatosha kabisa.

Protini mbovu zikirundikana, seli hupunguza kutengeneza mpya, huongeza zile zinazosaidia ukunjaji na kuvunjavunja zilizoharibika. Peter Walter na Kazutoshi Mori, waliofumbua utaratibu huu kwenye hamira, walipata Tuzo ya Lasker mwaka 2014. Mrundikano usipokwisha, seli hujiua.

Insulini, kwa mfano, ni protini inayoshikiliwa na vifungo vitatu vya salfa. Kasoro ya jeni ikivuruga kimojawapo, seli za kongosho huelemewa, hufa, na mtoto asiyefikisha hata miezi 6 huweza kupata kisukari.